Nywila iko kwa mkutubi

Wanaosema maktaba ya chuo imepitwa na wakati hawasemi bure. Mwanafunzi wa Mtwara ana simu na bando la wiki, na mengi anayohitaji kwa zoezi la Ijumaa anayapata akiwa kitandani hosteli. Maktaba inafungwa yeye ndiyo kwanza ametulia. Kompyuta chache, na umeme ukikatika zote ni mapambo. Basi fedha za rafu ziende kwenye intaneti, wanasema, mengine atajifundisha.

Hapo kwenye "atajifundisha" ndipo ninapokwama. Kilomita chache kutoka mjini kuna kituo cha utafiti cha Naliendele, ambacho kwa miaka mingi kimeshughulikia korosho: mbegu, ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), matumizi ya salfa ya kuuzuia. Baadhi ya matokeo yalichapishwa kwenye majarida ya Ulaya. Kijana wa Tandahimba anayeandika ripoti ya mwaka wa tatu akiyatafuta kwenye simu, anakutana na muhtasari wa aya moja na kitufe cha kulipia. Makala moja tu huweza kuuzwa zaidi ya dola 30. Kwao mikorosho imezunguka nyumba, salfa inanuka kila msimu, lakini maandishi yanayoihusu yamefungiwa nje. Anafunga ukurasa, anachukua blogu ya kwanza inayofunguka, na ripoti inaandikwa hivyo hivyo.

Wakati huohuo, tangu 2003 upo mpango wa AGORA chini ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kilimo bure au kwa ada ndogo. Wa afya, Hinari, ulitangulia mwaka 2002. Lakini inayosajiliwa ni taasisi, si mtu mmoja mmoja. Nywila iko maktaba. Ununue bando la ukubwa wowote, mlango huo haufunguki mpaka umuulize mkutubi, na wengi hawajui kama kuna cha kuuliza.

Halafu imekuja akili mnemba, inayoweza kukutungia rejeo lenye mwandishi, mwaka na jarida, lote la kubuni. Mkutubi mzoefu hahutubii. Anakwambia: haya, tufungue toleo hilo, twende ukurasa huo. Dakika tatu tu, na kijana hatasahau.

Lawama nyingine ni za maktaba zenyewe, nakubali. Mafunzo yakitolewa mara moja, wiki ya kwanza, kwa ukumbi uliojaa watu wanaowaza mkopo na kitanda, nani atakumbuka? Yangeingia ndani ya somo, ripoti inapoanza kuandikwa, hata kwa simu zilezile zinazodharauliwa.

Huko Lindi, kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imo kwenye HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, ulioanza 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Majengo yatasimama, sina shaka. Ninachouliza ni wakutubi wangapi wataajiriwa, na wataondoka saa ngapi. Akiwa mmoja, na saa kumi jioni anafunga mlango, wenye simu watakuwa wameshinda hoja.