Msimlaumu Mama kwa Pipa la Maji

Juma lililopita nilimsindikiza mama kwenye mkutano wa afya hapa mtaani Lamu. Afisa kijana, mwenye adabu zake, akatwambia kuwa chikungunya, homa ya viungo inayoenezwa na mbu, ni ugonjwa adimu, na ukirudi kosa litakuwa la kina mama wanaoweka maji ndani ya mapipa siku nyingi, mbu wakazaliana humo. "Yamwageni," akasema. Jirani yetu mmoja, bibi mtu mzima, akamuuliza taratibu: "Mwanangu, nikiyamwaga haya leo, ya kesho utaniletea wewe?" Hakupata jibu, na swali lake linanichoma mpaka sasa.

Kwanza, adimu kwa nani? Homa hiyo ilituingia katikati ya mwaka 2004. Watafiti walipopima damu za watu mjini mwezi Oktoba walikuta robo tatu wameambukizwa, wakakadiria kuwa walioambukizwa walikuwa watu wapatao 13,500. Mama yangu alikuwa msusi wa mikeka. Vidole vilimvimba hata kata ya maji ikamponyoka mkononi. Msikitini wanaume wazima waliswali wameketi, magoti yamekataa kusujudu. Homa ilipoa baada ya siku chache, lakini viungo vya mama viliuma miezi mingi, na miyaa ikakauka pembeni bila kusukwa. Wamakonde, ambao maradhi haya yalitambuliwa kwao kusini mwa Tanganyika mwaka 1952, ndio walioyapa jina: yanamkunja mtu.

Kutoka kwetu yakaonekana Mombasa, yakavuka hadi Komoro mwanzoni mwa 2005, yakafika kisiwa cha Réunion, na mwaka 2006 yakawa India. Réunion imeandikwa sana. Lamu, ambako wimbi lile lilionekana kwanza, leo inaelezwa ugonjwa wake kana kwamba ni habari za ng'ambo.

Na hili la mapipa. Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba afisa hakukosea kuhusu mbu. Aedes aegypti, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, hapendi kinamasi, anapenda maji safi ya ndani ya nyumba. Huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Mayai yake hugandana na ukuta wa chombo, yakakaa makavu miezi kadhaa yakingoja maji yarudi. Ndiyo maana hata ukimwaga bila kusugua hujafanya kitu. Yote hayo kweli. Lakini mwaka ule wa 2004 haukuwa mwaka wa mvua. Ulikuwa wa ukame! Watu waliweka maji kwa sababu hayakuwapo, na yaliyowekwa yakakaa kwa sababu hapakuwa na mengine ya kuyabadilisha. Mwanamke anayejaza pipa siku mfereji unapotoa, asijue utatoa tena lini, anailinda nyumba yake. Kumwita yeye chanzo cha maradhi ni kumdhulumu.

Wazee wetu walilijua tatizo hili. Katika nyumba za mawe birika la chooni lilikuwa na samaki wadogo wa kula viluwiluwi, na sakafuni mwake kulizikwa bakuli la kauri ili maji yakipungua samaki wapate pa kukaa. Hawakuambiana wamwage maji. Mapipa ya plastiki yalipoingia, samaki hawakuhamia humo, na hakuna aliyefikiria kuwahamisha.

Basi anayetaka kutukinga aanzie kwenye vilima vya mchanga vya Shela, kijiji cha hapa kisiwani. Maji ya mji huu yanatoka chini ya vilima vile vya mchanga: mvua inanyesha, mchanga unaichuja, visima vinatunywesha. Kila ukuta unaojengwa juu ya vilima vile ni jambo la afya, wala si la ardhi na vibali tu. Mfereji ukitoa kila siku, nani atataka pipa lichukue nafasi ukumbini? Nasema haya nikiwa nimemwona mama akilia kwa sababu hawezi kufunga kanga yake mwenyewe.

Zahanati nazo ziache kumpa dawa za malaria mtu mwenye homa ambaye kipimo chake hakina malaria. Na wenzetu wafugaji wa Ijara na Garissa, waliozika watu na mifugo kwa homa ya Bonde la Ufa, nayo ya mbu, mwaka 2006 na 2007, wasikilizwe mapema wanaposema mbuzi wao wanaharibu mimba.

Baada ya mkutano nilisugua mapipa ya mama kwa brashi, ukuta hadi ukuta, nikayafunika. Birika la zamani nimelijaza tena na kutia samaki watatu. Mfereji haujatoa tone tangu Jumatano.