Lori lisirudi tupu
Kuna makala yasema gati 3 za bandari yetu ya Lamu, Kenya, zitavuta mizigo ya Ethiopia. Kina cha maji cha mita 17.5 kwa meli kubwa tunacho, shida iko safari ya barabarani. Ethiopia ina watu zaidi ya milioni 100, haina bahari, na shehena yake nzito ni ya kuingia, kama mbolea. Lori likirudi tupu, mwenye mzigo hulipia safari mbili, basi atabaki na bandari ya Djibouti, yenye reli ya kwenda Addis Ababa. Kahawa ya kusini mwao ishuke Lamu na malori yaleyale.

Tena wao huendesha kulia, sisi kushoto: dereva wao huku hukaa upande wa ukingo wa barabara, akitaka kupita gari haoni mbele. Moyale, mpakani, pabadilishwe vichwa vya lori tu, tela liendelee, lakiri (muhuri) ya kontena isivunjwe.