Kisu cha Dar es Salaam au sindano ya zahanati?

Fedha za kupambana na ugonjwa wa milango ya moyo (vali) unaoletwa na homa ya baridi yabisi ziende kwenye upasuaji, au kwenye sindano za kinga? Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ianzishwe pale Muhimbili mwaka 2015, milango ya moyo iliyokuwa ikipelekwa kurekebishwa India inarekebishwa Dar es Salaam. Wanaotaka fedha zaidi ziende huko wana hoja nzito. Mtoto anayelala ameketi kwa kuwa akilala chali anakosa pumzi, humwambii habari za kinga. Huyo ni wa kupasuliwa.

Wengine wanaanzia mbali zaidi, kooni. Mafindofindo ya bakteria yasipotibiwa huweza kuleta homa ya baridi yabisi, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, na homa hiyo ikijirudia hukakamaza milango ya moyo. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda, ukatolewa 2021, ulihusu watoto 818 ambao ugonjwa wao ulionekana kwa kipimo cha eko tu, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, wenyewe hawasikii lolote. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa sindano ya penisilini kila wiki nne ili homa isijirudie. Kwa wasiochomwa, asilimia 8.2.

Mimi naegemea sindano, ila si kwa sababu ya bei. Hesabu za pande zote huishia getini mwa hospitali, na familia ndiyo kwanza inaanza yake. Binti aliyewekewa mlango wa chuma atameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote, na damu yake lazima ipimwe mara kwa mara, kipimo ambacho si kila zahanati inacho. Akiolewa, mimba inakuwa mtihani: dawa inaweza kumdhuru mtoto tumboni, akiiacha damu inaweza kuganda kwenye mlango. Mawifi nao hawaulizi habari za dawa. Wanauliza mtoto yuko wapi.

Lakini watetezi wa sindano wasituambie ni jambo jepesi. Inauma kweli kweli, mtoto anarudi akichechemea. Na mama unamtaka aache kibarua, alipe bodaboda na kupanga foleni, mara 13 kwa mwaka, miaka na miaka, kwa ajili ya mtoto ambaye jana tu alikuwa uwanjani anacheza mpira. Akifika siku moja akaambiwa dawa imeisha, mwezi ujao harudi.