Uso wa Tanga Hautaki Makopo Saba

Ukiingia duka lolote la vipodozi Ngamiani, hapa mjini Tanga, utakuta rafu imejaa: cha asubuhi, cha usiku, cha kung'arisha, cha kusugua, cha kuondoa madoa. Msimamo wangu ni kwamba mtu wa kawaida, awe na ngozi ya aina gani, anahitaji vitu vitatu tu kila siku: cha kuoshea, cha kulainisha na cha kukinga jua. Vingine vyote vinaweza kusubiri, na vingine havifai kugusa uso kabisa.

Kwanza ijue ngozi yako. Osha uso jioni, jifute, usipake kitu, kaa kivulini saa moja. Ukikaza, ngozi ni kavu. Uking'aa wote, ni ya mafuta. Paji, pua na kidevu vikingʼaa huku mashavu yametulia, ni mchanganyiko. Usijipime adhuhuri ya Januari, kaskazi ikiwa imekolea, maana jasho litakudanganya.

Kosa kubwa linaanzia kwenye sabuni. Wengi huosha uso kwa sabuni ileile ya kuogea, wengine hata ya mche, tena kwa dodoki. Ngozi yenye afya ina uasidi kidogo, pH yake (kipimo cha uasidi, namba ikipanda uasidi hupungua) ni karibu na 5, ilhali sabuni ya kipande hufika 9 au 10. Ule mkazo unaousikia ukishajifuta, ambao watu huufurahia wakidhani ndio usafi, ni ishara kwamba mafuta ya kinga yameoshwa pamoja na uchafu. Tafuta sabuni laini ya maji ya uso, isiyo na manukato makali. Chukua kiasi cha punje ya kunde, sugua kwa ncha za vidole kama nusu dakika, kisha suuza vizuri kwenye mpaka wa nywele na chini ya taya, kwani povu likibaki huko huleta vipele. Kausha kwa kugandamiza taulo, usisugue. Asubuhi na jioni inatosha. Mwenye ngozi kavu anaweza kutumia maji matupu asubuhi.

Losheni ipakwe ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Wenye ngozi ya mafuta huiruka hatua hii, na hapo ndipo wanapokosea: uso unaweza kung'aa mafuta huku umepungukiwa maji. Wao watumie losheni nyepesi, ya majimaji au ya jeli. Mwenye ngozi kavu achukue krimu nzito, na usiku aongeze mafuta ya mgando kidogo sana penye magamba. Kusi ikianza kuvuma, wengi watahitaji losheni nzito kidogo kuliko ya kaskazi.

Mafuta ya nazi nayapenda miguuni na mikononi. Usoni, kwa mwenye chunusi, siyashauri, kwa sababu huziba vinyweleo. Na kuna chunusi nyingi za paji ambazo chanzo chake si uso: ni mafuta ya nywele yanayoshuka kwa joto, yakashikwa na ukingo wa ushungi, yakachanganyika na jasho kutwa nzima. Paka mafuta mbali na mpaka wa nywele, na fua ile kofia ya ndani mara kwa mara. Chunusi za namna hiyo hupungua bila dawa yoyote.

Sasa jua. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Weusi wa ngozi ni kinga, lakini hauzuii madoa ya chunusi kukolea, na mtu hutumia hela nyingi kuyafuta huku jua likiyarudisha kila siku. Nunua losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 au zaidi. Kamua mistari miwili, urefu wa kidole cha shahada na cha kati, ndiyo ya uso na shingo. Ukipaka nusu yake, hupati kinga iliyoandikwa kwenye chupa. Ipake mwisho, robo saa kabla ya kutoka, na uirudie kila baada ya saa mbili ukiwa juani, hasa wewe wa bodaboda au wa soko la samaki Deep Sea. Ikikuacha na weupe, tafuta yenye rangi ya kahawia. Kwa mwenye ualbino hili ni suala la uhai; katika hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun kwa ajili yao.

Kuhusu mkorogo, yaani mchanganyiko wa kuchubua ngozi, sitazungusha maneno. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na bado zinapatikana kwenye makopo yasiyo na lebo. Zebaki huharibu figo. Klobetasoli, dawa ya hospitali inayochanganywa humo, hutuliza na kung'arisha wiki za mwanzo, kisha ngozi hukonda, mishipa huonekana na chunusi hufumuka. Ukiacha ghafla uso huwaka, kwa hiyo nenda kwa daktari akusaidie kuacha. Limau nalo liache: likikutana na jua huunguza na kuacha doa jeusi. Liwa, ule mti wa manukato, iliyosagwa kwenye msio (jiwe la kusagia) haina ubaya mara moja kwa wiki, ila ioshe kabla haijakauka ikapasuka.

Kitu kipya kijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono, mara mbili kwa siku, kwa wiki nzima. Anza kimoja kimoja, ili ukiwashwa ujue mkosaji. Chunusi zipe wiki sita hadi nane kabla ya kuhukumu. Na losheni ya jua usiiache ndani ya gari au juu ya dirisha; ikishajitenga maji na mafuta, itupe hata kama tarehe yake haijaisha.