Sulisuli si kambare

Ile video mmeshaiona, sina haja ya kuisimulia yote. Mgeni kasimama gatini Shimoni, huku kwetu pwani ya kusini ya Kenya, anamkemea mzee aliyeshusha sulisuli, yule samaki mkubwa wa bahari mwenye domo refu kama mkuki, kutoka kwenye ngalawa yake. Anamwambia ni aibu, samaki kama huyo hurudishwa baharini, dunia nzima inajua hivyo. Mzee hakujibu. Alimkamata samaki wake mkia, akamburuta hadi kwenye mizani, akauza. Kwenye makundi ya WhatsApp watu wakacheka siku mbili, kisha wakarudi kwenye siasa kama kawaida.

Mimi bado niko palepale. Maana kijana mmoja mwenye muda wake aliifukua akaunti ya yule bwana, na humo kuna sulisuli mwingine, aliyevuliwa na bwana mwenyewe kwenye boti la kukodi. Picha si moja. Samaki kalazwa juu ya ukingo wa boti. Samaki kapakatwa. Samaki kakumbatiwa na marafiki, kila mmoja kwa zamu yake, na mmoja wao amefumba macho kwa hiyo ikabidi wapige tena. Ukizitazama kwa mfuatano unaona rangi ikimtoka: picha ya kwanza ana ile buluu ya kung'aa na mistari mbavuni, ya mwisho amekuwa kijivu kama sufuria ya zamani. Chini yake kaandika kwamba aliachiliwa akiwa mzima, na watu wakampongeza kwa moyo wake wa huruma.

Huruma gani?

Sina ugomvi na kuvua kwa burudani. Mshipi nimeushika tangu utotoni, na mtu akinialika kwenda kurambaza, yaani kuvua kwa kuburuta chambo nyuma ya boti, kwenye Mkondo wa Pemba, hamalizi sentensi nimeshavaa kofia. Wala sina ugomvi na kumwachilia samaki. Ninachokipinga ni hii imani kwamba samaki akishatumbukia majini tu, mambo yameisha, na aliyemtumbukiza ana haki ya kumsomea mzee wa watu khutuba gatini.

Sulisuli aliyenasa hukimbia, huruka, hutikisa kichwa mpaka misuli inajaa asidi. Anapofika ubavuni mwa boti amechoka kuliko alivyowahi kuchoka maishani, na kitu pekee anachokihitaji wakati huo ni oksijeni. Ndipo tunapomtoa majini! Matamvua ya samaki, yale anayopumulia, yameumbwa yaelee ndani ya maji. Nje, nyuzi zake hugandana, na hewa yote hii inayotutosha sisi haimfai kitu. Tunamnyima pumzi kwenye dakika ileile anayoihitaji kuliko zote, halafu tunamwambia mwenzetu asogee kidogo kushoto, jua linaharibu picha.

Mwaka 1992 ulichapishwa utafiti wa Kanada ambao ningependa kila mwenye boti la wageni aubandike karibu na usukani. Walichukua trauti, wakawachosha kabisa, kisha wakawatazama kwa saa 12. Waliochoshwa bila kutolewa majini walikufa asilimia 12. Waliochoshwa kisha wakakaa hewani sekunde 30, asilimia 38. Sekunde 60, asilimia 72. Isome tena hiyo ya mwisho. Dakika moja. Piga picha na marafiki zako watatu uone kama dakika moja inatosha. Na ukumbuke vifo hivyo vilihesabiwa ndani ya saa 12, si pale pale. Samaki anaweza kuondoka akipunga mkia vizuri kabisa, kamera ikanasa, akafa baadaye chini huko ambako hakuna wa kumpongeza mtu.

Najua mtaniambia trauti ni samaki wa maji baridi ya ndani ya nchi na sulisuli ni kitu kingine. Sawa, hesabu haiwezi kuhamishwa kama ilivyo. Lakini haihami kwa upande wa kutufurahisha. Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi, na bahari yetu wakati wa kaskazi inajulikana ilivyo. Samaki mkubwa mwenye mbio, aliyechoka, kwenye maji ya vuguvugu, na juu yake papa wanaosikia harufu ya mnyonge kutoka mbali. Mtu asiniambie hapo kuna unafuu.

Sasa niwageukie vijana wetu wa boti, maana mgeni angalau ana kisingizio cha ugeni. Nadhani tatizo letu ni kambare. Sisi tuliokulia kando ya Ramisi tulianza naye huyo. Unamvua alasiri kwenye maji ya tope, jicho moja kwenye mshipi na jingine kwenye mamba, unamtia ndooni bila tone la maji, na magharibi unafika nyumbani bado anakuzomea na masharubu yake. Kambare ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa hii yetu. Akitaka, hupita kwenye nyasi zenye umande akahamia dimbwi jingine. Mkunga wa mtoni naye ni mgumu vilevile, tena huyo ana maajabu yake: huzaliwa bahari kuu, akaja kuishi mtoni miaka, kisha akarudi baharini kuzaa na kufa. Siku moja nitamwandikia peke yake, anastahili. Lakini ukilelewa na samaki wa namna hiyo unakua ukidhani samaki wote wanaweza kusubiri.

Sulisuli hawezi kusubiri. Yeye, jodari na nguru hupumua kwa mwendo: mdomo wazi, maji yapite kwenye matamvua huku wakisonga mbele. Ndiyo maana kumtupa majini kichwa chini kama gunia na kuondoka ni kumuua tu kwa njia ndefu. Anayejua kazi humshika domo ubavuni mwa boti, mkono ukiwa na glavu iliyoloweshwa, injini ikisogeza boti polepole mbele, maji yanapita, mpaka rangi inarudi na samaki mwenyewe anaanza kuvuta mkono. Hapo ndipo unamwacha. Inaweza kuchukua dakika kadhaa, na wakati wote huo hayupo kwenye mapaja ya mtu.

Picha je? Piga akiwa majini. Mtu mmoja ashike domo, mwingine ainame na simu. Zinatoka nzuri zaidi, maana rangi bado anazo.

Huko Marekani, upande wa Atlantiki, sulisuli unayemwachilia huruhusiwi kisheria kumtoa majini hata kidogo. Florida wana kanuni kama hiyo kwa tarponi, samaki wao mwingine mkubwa, anayezidi inchi 40. Kwa hiyo mambo haya si ugumu wa watu wa Vanga na Wasini wasiopenda wageni. Ni kwamba baadhi ya wageni wakishuka uwanja wa ndege huacha sheria za kwao kwenye mkanda wa mizigo.

Ndoana nazo. Ndoana ya mviringo hunasa pembeni mwa mdomo. Ile ya kawaida, ukiwa unatumia chambo halisi, mara nyingi humezwa ikaenda kushika utumbo au matamvua. Majaribio yaliyofanywa kwa sulisuli huko Guatemala yalionyesha tofauti hiyo waziwazi, na sulisuli wa kule ni spishi hii hii yetu. Bei yake haiwezi kumfilisi mwenye boti. Na wale wanaojisifia kuvua samaki mkubwa kwa mshipi mwembamba mno: mnarefusha mateso ili mpate hadithi.

Samaki wa miambani wana kisa chao. Ukimvuta tewa au kungu kutoka kilindini, hewa iliyo kwenye kibofu chake hutanuka kadiri anavyopanda, mpaka macho yanatokeza na tumbo linamtoka mdomoni. Kumrudisha juu juu hakumsaidii, ataelea pale mpaka mwewe amwone. Kuna wanaolitoboa lile linalotoka mdomoni wakidhani ndicho kibofu chenyewe. Jamani, hilo ni tumbo! Kama lazima umrudishe, mteremshe kwa uzi wenye chubwi, yaani kizito cha kuzamishia, mpaka chini alikotoka, umwachie huko. Kama huna kifaa hicho, basi ukishapata wa kutosha kwa kitoweo acha kuvua hapo, nenda ukarambaze.

Haya, na mimi nitoe kidogo, ingawa kwa shingo upande. Mgeni ana hoja moja: samaki hawa si kisima kisichokauka. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi imesema miaka na miaka kwamba marlini wa mistari, jamaa wa sulisuli ambaye Mkondo wa Pemba unasifika kwake, amevuliwa kupita kiasi. Na kumwachilia kukifanywa sawasawa kunafaa. Watu wa African Billfish Foundation pale Watamu wanafanya kazi ya kuwawekea alama sulisuli na marlini, na samaki mwenye alama akipatikana tena mbali na alikoachiwa, huo ni ushahidi kwamba alipona. Siwezi kubisha. Nahodha anayetia alama samaki akiwa bado majini, akaandika namba yake na kuituma, huyo namvulia kofia.

Lakini angalieni ni nani anayekemewa. Sehemu kubwa ya sulisuli wanaovuliwa Bahari ya Hindi huchukuliwa na nyavu za kuelea, zile zinazoachwa usiku kucha bahari kuu zikakusanya kila kipitacho. Mzee wa ngalawa alitoka na tanga, mshipi na chambo cha kibua. Siku nyingi hurudi na vibua vilevile. Siku ya bahati anapata sulisuli, watu kadhaa wananunua vipande, kichwa kinaenda kwa jirani, hakuna kinachotupwa. Na yule bwana, baada ya kumsomea khutuba yake, huenda jioni alikwenda hotelini akaletewa sahani ya mwanzo: sulisuli wa moshi, vipande vyembamba, ndimu pembeni. Ipo karibu kwenye kila menyu ya hoteli za pwani hii na wageni wanaipenda mno. Wanadhani sulisuli huyo alijitoa mwenyewe?

Mabrosha nayo hayana msaada. Kila moja lazima limtaje Hemingway, yule mwandishi wa Marekani aliyevua Malindi mwaka 1934, na kila moja liseme sulisuli hukimbia kilomita 110 kwa saa, jambo ambalo waliowapima kwa vyombo wamelikanusha. Mbio zao ni kama theluthi ya hiyo. Enzi za akina Hemingway samaki alitundikwa kwenye nguzo na watu wakajipanga kando yake na bunduki zao za safari. Picha mbaya, lakini angalau hawakudai wamemwokoa.

Kuna na hili la wanaovua kwa mshipi wa mkono ufuoni, vijana na akina mama wanaotafuta changu na tasi maji yakijaa, wanaofukuzwa na walinzi mbele ya hoteli zilizoandika ubaoni kwamba zinapenda uvuvi wa burudani. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Sitaki kuanza, nikianza hilo hatulali leo.

Ninaotaka kusema nao hasa ni manahodha. Ninyi mnajua haya yote kuliko mimi. Nimewaona mkikunja uso mteja anaposema mleteni ndani, mleteni ndani, na nimewaona mkimleta, kwa sababu bakshishi iko kwenye mfuko wa huyo huyo anayepiga kelele. Sikulaumu, nahodha, una watoto. Lakini mteja hubishana na kanuni aliyoisikia akiwa tayari ana samaki ubavuni. Akiisikia gatini, kabla ya injini kuwashwa, huikubali kama anavyokubali kuvaa jaketi la kuokolea. Mwambie mapema: leo tukimpata sulisuli, unachagua moja kati ya mawili. Ama tunamwachilia, na hatoki majini, picha tunapiga humo humo. Ama tunamchukua, na hapo atauawa upesi kwa rungu, atawekwa kwenye barafu, ataliwa, na wewe utamlipia na hutajifanya mlinzi wa bahari kwenye akaunti yako. Njia ya tatu, ya kumpitisha mikononi mwa boti zima kisha kumtupa, kwenye boti hili haipo.

Kaskazi inakaribia na wageni wangu wa Desemba wameshaanza kuniuliza boti gani zuri. Nitawauliza manahodha wa Shimoni swali hilo moja kabla sijampa mtu namba ya simu. Wa kwanza atakayenijibu bila kusitasita atapata kazi, hata kama boti lake ni kuukuu na redio haishiki.