Bia ya moto ya Nyeri si bia ya moto ya Malindi

Agiza Tusker katika baa yoyote ya Malindi, na kabla mhudumu hajageuka atakuuliza: baridi au moto? Mtalii wa Kiitaliano humshangaa anayejibu "moto". Mtu wa bara hujibu hivyo bila hata kufikiri. Mimi sikubaliani na yeyote kati yao.

Bia ya moto ni ile iliyotolewa kwenye kreti bila kupitia friji. Nyeri au Limuru, stoo ya baa mara nyingi huwa na nyuzi 16 hadi 18, na Julai hushuka zaidi. Hiyo si bia ya moto hata kidogo. Waingereza, wanaochekwa dunia nzima eti hunywa bia vuguvugu, bia yao ya pipa iitwayo ale hukaa chini ya ardhi na kumiminwa ikiwa na nyuzi 11 hadi 13, kwa hiyo mnywaji wa Limuru na wa London wanakaribiana kuliko wanavyodhani. Lakini chukua desturi hiyo uishushe Malindi mwezi wa Machi, kwenye stoo ya mabati inayopita nyuzi 30 mchana. Jina ni lile lile, kinywaji si kile.

Kwanza ni gesi. Lita moja ya maji yenye nyuzi 0 hubeba takriban lita 1.7 za kaboni dioksidi. Kwenye nyuzi 20 hubeba kama nusu ya hiyo, na kwenye nyuzi 30 chini ya lita 0.7. Ndiyo maana chupa ya moto ikifunguliwa povu humwagika mezani, na dakika chache baadaye bia iliyobaki imelala. Pili, joto huufanya ulimi usikie utamu zaidi. Bia nyepesi ya asilimia 4.2 kama Tusker haina uchungu wa kutosha kuushinda utamu huo, ikabaki kama uji uliochacha. Tatu, kreti iliyokaa wiki kadhaa kwenye joto hilo huzeeka upesi na kutoa harufu ya karatasi lowevu. Hapo hata friji haisaidii: itaipoza, haitaiponya.

Wanaoagiza moto wana sababu zao: koo, kifua, meno. Sina neno na koo la mtu. Ila wanaosema bia baridi haileweshi wajue kilevi ni kile kile. Yenye baridi hushuka haraka tu, na mtu hupoteza hesabu ya chupa.

Sasa upande wa pili. Brazili huipenda chupa iliyovaa ukungu mweupe wa barafu, karibu na kuganda. Thailand hutia mabonge ya barafu ndani ya gilasi. Wanakunywa lager nyepesi, bia ya aina ya Tusker, penye jua kali, na wanachotafuta ni kupozwa, si ladha, sioni kosa. Kosa ni kuigeuza kanuni ya kila bia. Kwenye nyuzi 2 ulimi umekufa ganzi na harufu haipandi puani, basi bia ya bei na ya bei nafuu huwa moja. Mjerumani hunywa lager yake kwenye nyuzi 7 hadi 9, na Wabelgiji bia zao nzito za watawa huzipa nyuzi 10 na kuendelea.

Kwa Malindi ningesema hivi: lager itoke kwenye friji ikiwa na nyuzi 4 au 5, maana kabla hujafika nusu ya chupa hewa yetu nzito imeshaipandisha. Yale matone yanayotiririka nje ya chupa ni mvuke wa hewa unaoiachia chupa joto lake. Ifute, uiweke kivulini, unywe kwa gilasi ndogo. Stout, yaani bia nyeusi kama Guinness, ikitoka kwenye friji iachwe mezani dakika 15 hadi 20, ifike nyuzi 10 hivi. Anayetaka "moto" apewe hiyo hiyo iliyopumzishwa, si ya stoo. Wenye baa wangetenga friji moja iliyowekwa nyuzi 12 kwa wateja hao. Umeme wake ni mdogo kuliko wa ile nyingine.

Lamu mjini swali hili halina uzito, kwani mahali pa kuuza bia ni pa kuhesabu. Mnazi nao una mambo yake: mangweni, kwenye vilabu vya pombe hiyo ya mnazi, hauulizwi baridi, unaulizwa mtamu au mkali, kwa kuwa hamira ya hewani huendelea kuuchachusha tangu mgema ashuke. Ukiuweka kwenye barafu asubuhi, utamu hudumu zaidi.

Stima zikipotea, friji isifunguliwe ovyo. Chukua ndoo ya lita 20: chupa 6 za nusu lita, barafu kilo 5, maji lita 5, chumvi gramu 200. Watu wengi husahau maji, na barafu tupu hugusa chupa kwa ncha tu. Zungusha chupa kila baada ya dakika chache. Kwa dakika 20 zimepoa. Usizidishe chumvi, maana bia hii huanza kuganda chini kidogo ya nyuzi -2. Friza ni hatari zaidi: maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na chupa hupasuka. Ikinusurika, ukiifungua gesi hukurupuka na bia hugeuka theluji shingoni. Ikiyeyuka imekwisha gesi.

Gilasi pia isitoke kwenye friza. Barafu iliyoganda ukutani mwake huyeyuka ndani ya bia, na povu huruka lote mara moja. Isuuze kwa maji baridi, hakikisha haina sabuni wala mafuta ya samaki, kisha mimina ikiwa imeinama.