Mkate wa Kumimina Haungoji Mzigo kutoka Unguja

Sisi watu wa Unguja tunaoishi Nairobi tuna mazoea ambayo natamani tuyaache: kuagiza kila kitu nyumbani. Unga wa mchele, nazi iliyokwisha kukunwa, hata hamira, huvuka bahari mpaka Dar es Salaam, hupanda basi, hupita Namanga, na kufika hapa vimeharibika nusu. Nazi imechacha, unga umeshika unyevu. Mkate ukitoka mbaya tunasema mji huu haukubali mkate wa kumimina, huu wetu wa mchele na tui la nazi.

Mimi nasema unakubali. Mchele wa pishori wa Mwea, ukirowekwa usiku kucha na kusagwa asubuhi kwa tui zito, hutoa uji laini wenye harufu nzuri. Nazi za Pwani zinauzwa soko la City Park, Parklands, na mbuzi ya kukunia ukiiulizia Eastleigh hutakosa wa kukuelekeza.

Kinachotushinda ni kupika hapa kama tunavyopika kule. Kule tuko usawa wa bahari, joto tele. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Katika hewa hiyo mapovu ya hamira hutanuka kupita kiasi. Mkate huinuka upesi ilhali ndani ungali mbichi, kisha hubonyea katikati. Punguza hamira kidogo, na usiuache uji ufure mpaka ukomo. Julai mambo hugeuka, kwa sababu jiko lina baridi na uji haupandi. Hapo usikimbilie kuongeza hamira. Liweke bakuli ndani ya oveni iliyozimwa, na kando yake sufuria ya maji moto, uvute subira. Na tui je? Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana asubuhi za huku tui hufanya mabonge na mtu akadhani kauziwa nazi mbovu. Kamua kwa maji ya uvuguvugu, usage papo hapo.

Moto nao una wake. Nyumbani tunapalia makaa juu ya mfuniko, na chini moto mdogo, ndipo uso wa mkate unapata ile rangi yake. Tafadhali, msifanye hivyo ndani ya fleti yenye madirisha yaliyofungwa: hewa ya sumu ya makaa haina rangi wala harufu, na inaua. Anzia kwenye gesi, sufuria nzito iliyopakwa mafuta, moto mdogo, mpaka uso ujae vitundu na pembeni pakauke. Malizia kwenye oveni kwa moto unaotoka upande wa juu.

Nisipolegeza ni kwenye mchele na nazi. Ukitia unga wa ngano ili ushikane upesi, na maziwa ya ng'ombe badala ya tui, umeoka keki. Keki ni chakula kizuri. Lakini usimpe mtoto aliyezaliwa South C ukamwambia ndicho anachofuturu bibi yake Michenzani, maana mtoto huyo hana pengine pa kujifunzia ila jikoni kwako.

Iliki nakubali iagizwe. Pakiti yake haimsumbui msafiri na haiozi njiani.

Vingine tuviache, na tukipiga simu nyumbani tuombe ujuzi. Mama zetu na mashangazi hupima kwa kikombe cha chai, kwa kiganja na kwa macho, na wengi hawajawahi kuandika hata mstari. Waombeni wajirekodi video wakiwa kazini: uji unashuka vipi kutoka kwenye upawa, sukari wanaitia kabla ya kuumua au baada, ute wa yai wanautia saa ngapi, makaa ya juu wanayaondoa kwa dalili gani. Kila nyumba ina namna yake, hata kutoka mtaa mmoja hadi wa pili, na namna ya nyumba yenu hakuna mwingine atakayewaambia. Ramadhani ikiingia hawatakuwa na nafasi ya kujibu maswali, kwa hiyo wapigieni kabla Shaabani haijaisha.